Mkebe wa Mama Mkwe

Akello, nimefanya kitu kibaya.

Unajua leo nilikodi guide atutembeze Thika, mimi na mama mkwe. Tukafika zile kambi za zamani za shamba la mkonge. Nikamwambia guide, "Nyumba za vibarua tuache. Twende maporomoko ya Chania, mama apigwe picha."

Mama alikuwa ameshafungua mlango wa gari. Akaufunga.

Nyumba za vibarua, Akello. Nilisema hivyo mbele yake.

Tukiwa Ruiru, njiani kurudi, ndipo akaniambia, "Bridget, baba yangu alizikwa pale. Nilitaka udongo wake, nimrudishe nyumbani."

Kumbe ule mkebe mtupu aliobeba asubuhi, nikamcheka, ulikuwa wa huo udongo.

Kesho anarudi kwao Butere. Nimemwomba msamaha. Amesema nisijali, picha zilitoka vizuri.