Fomu Namba Sita

Jumatatu, 3 Machi

Mkurugenzi kaniita saa tatu asubuhi. Nimeenda nikitabasamu, mjinga mimi. Nilidhani napongezwa!

Mwezi uliopita aliniomba fomu moja, iliyojazwa vizuri kuliko zote, aionyeshe kwenye semina ya walezi wapya wa wanafunzi. Nikampa ya yule binti wa mwaka wa tatu, idara ya udongo. Jina nilikuwa nimelifuta kwa wino mweusi. Namba ya usajili, pale kwenye kona ya chini, nikaisahau. Miaka kumi na moja niko kwenye kazi hii ya ushauri wa wanafunzi, na nimesahau kona!

Ni fomu namba sita, ile ya “Kosa Langu”. Ina swali moja: taja kosa ulilofanya hapa chuoni, ulilirekebishaje, na limekufunza nini. Wengi huandika walichelewa kipindi, yaani wananiandikia salamu tu. Yeye aliandika kweli. Mwaka wa pili walitumwa kuchota udongo kwenye viwanja kumi. Mvua ikawakuta kwenye cha saba. Akarudi bwenini, akabuni namba za vipimo vya viwanja vitatu vilivyobaki. Wiki mbili roho haikutulia. Akarudi peke yake, akachota vyote kumi upya, akampelekea mwalimu namba za kweli. Mwalimu akamjibu kwamba alama zimeshafungwa, aachane na mambo hayo.

Niliisoma mara tatu siku ile. Nilijisemea, huyu amekua.

Kumbe kwenye semina alikuwepo mtu wa kamati ya mitihani. Kasoma mistari minne ya kwanza, ya chini hakuhangaika nayo. Sasa binti ana shtaka la udanganyifu, na jina lake limeondolewa kwenye orodha ya wahitimu mpaka kesi iishe!

Mkurugenzi — sisi kitengoni tunamwita Bwana Asilimia, kila kitu kwake kina asilimia — kaniambia nisilitie moyoni. Nilitie wapi, mfukoni?

Jumanne, 4 Machi

Binti alikuwa mlangoni kabla sijafungua ofisi. Shikamoo mama. Marahaba. Barua ya kamati ameikunja mara nne, ndogo kama kitambulisho.

Hakulia. Afadhali angelia. Kaniuliza tu, kwa upole kabisa: “Mama, si ulisema haitoki humu ndani?”

Nilisema. Tena niliandika! Chini ya kila fomu kuna mstari nilioutunga mwenyewe: Unachoandika hapa ni kwa ajili ya ukuaji wako tu. Nilipoutunga nilijiona mwerevu kweli. Leo nimempigia mwanasheria wa chuo, kaniambia mstari huo haukuwahi kupitishwa na kikao chochote, kwa hiyo haupo. Haupo! Nimeushika mkononi, nausoma, ananiambia haupo!

Nimemwambia binti kosa ni langu. Kanitazama kwa huruma. Yeye ananihurumia mimi! Mama yake ameshashona nguo ya mahafali na bado hajui lolote. Kikao ni Jumatano ijayo, saa nne. Orodha ya wahitimu inabandikwa Ijumaa yake. Asipokuwemo, safari yake imeishia hapo.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda kwa mwalimu wake wa udongo. Hakumbuki. “Wanafunzi ni wengi, dada yangu.” Hakumbuki binti aliyemletea namba mpya kwa hiari yake, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu chuo kijengwe. Lakini kanisimulia safari yake ya mkutano wa miaka sita iliyopita, mpaka rangi ya mapazia ya hoteli! Nimetoka bila kuaga.

Nikashuka stoo ya maabara. Fundi wa maabara ni mzee asiyecheka na mtu. Ana daftari la vifaa, na hata ukiazima koleo unasaini. Kalifungua, kalamba kidole, kafunua kurasa taratibu mpaka nikataka kumnyang'anya. Hilo hapo! Mara ya kwanza, kikundi cha watu watano. Wiki mbili baadaye, kekee moja ya kuchotea udongo, mifuko kumi, jina moja. La kwake.

“Huyu namkumbuka,” kasema. “Alirudisha kekee ameiosha. Hakuna anayeosha.”

Nilimkumbatia karibu nimwangushe. Njia nzima ya kurudi nyumbani natembea kama nimeshinda.

Mume wangu alikuwa sebuleni, kapasua jokofu la mtu, bisibisi mdomoni. Kanisikiliza mpaka mwisho. Kisha katoa bisibisi: “Sasa mke wangu, hilo daftari linasema alirudia. Si ndiyo linasema na mara ya kwanza alidanganya?”

Nimemnunia mpaka wakati wa kula. Kinachouma ni kwamba amesema kweli.

Ijumaa, 7 Machi

Barua nyingine. Kamati inataka fomu namba sita zote. Zote! Mia mbili na kumi na nne. Eti kwa uhakiki. Mwisho Jumatatu.

Nimejibu kwamba kufuli la kabati limekwama. Halijakwama. Mshauri wa wanafunzi mzima, nadanganya kuhusu kufuli.

Jumatatu, 10 Machi

Asubuhi nimebandika tangazo: wenye fomu namba sita waje wachukue kazi zao wakazirekebishe. Utaratibu ni wa chuo chenyewe, ukurasa wa tano wa mwongozo, mwanafunzi anaruhusiwa kurekebisha wakati wowote. Na huo ulipitishwa na kikao!

Saa nne korido haipitiki. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Habari zimeshawafikia, unaziona kwenye nyuso zao. Mmoja kachukua yake, kaichana vipande pale pale mbele yangu, kisha kaomba radhi. Nimemwambia kikapu kile pale. Miaka yote hii nawabembeleza waniamini, leo nasimama nagawa karatasi ili wasije wakaumia kwa kuniamini.

Saa tisa zimebaki tisa. Bwana Asilimia kaingia bila kugonga. Fomu ziko wapi? Nimemwambia zinarekebishwa na wenyewe. Ukuaji huo, mkurugenzi. Hata asilimia anaweza kupiga.

Nilitegemea atafoka. Kafunga mlango, kakaa, sauti kaishusha. Jumatano nitaitwa kama shahidi, kwa sababu kwenye ile fomu kuna saini yangu chini ya maneno “nimejiridhisha kwamba haya ni kweli”. Nikisema ndiyo, kamati ina ungamo lenye shahidi. Nikisema sikuhakiki chochote, nilisaini tu kama tunavyosaini mengine, basi fomu ni hadithi ya kubuni na kesi inakufa. “Sema hukuhakiki. Mtoto ahitimu, chuo kisiaibike, mambo yaishe.”

Nimemchukia zaidi leo kuliko wiki yote. Maana ushauri wake ni mzuri.

Jumanne, 11 Machi

Sikutaka kumwambia binti. Nimemwambia. Nilidhani atashusha pumzi.

Kaniambia: “Mama, usiseme uongo kwa ajili yangu. Mimi uongo nilishauchoka mwaka wa pili.”

Kisha kaniuliza kama nimekula. Nimejifungia kwenye choo cha wafanyakazi, nikalia mimi.

Jumatano, 12 Machi. Saa nne na nusu, kwenye benchi, nje ya chumba cha kamati

Naandika hapa hapa, mikono ipate kazi. Binti yuko ndani. Mwenyekiti ana sauti ya kengele, mlango hauzuii kitu.

Mwalimu wa udongo hakuja. Kaleta barua, ana kikao.

Fundi wa maabara kaja! Kavaa tai, fupi, imeishia kifuani. Katibu alitaka daftari tu, yeye abaki nje. Kagoma. Daftari halitoki stoo bila yeye. Basi wakamwingiza. Nimesikia mwenyekiti akimshukuru, akisema daftari linathibitisha pasipo shaka kwamba ripoti ya kwanza ilikuwa ya uongo. Fundi kajibu kwamba yeye alikuja kusema kuhusu kekee iliyooshwa. Wakamwambia inatosha. Sasa kaketi pembeni yangu, daftari magotini, anapumua kwa nguvu kama aliyepanda ngazi.

Na mimi nimebaki. Swali moja. Ndiyo, au hapana.

Sasa hivi kaja mwanafunzi, msichana wa mwaka wa kwanza. Kanitafuta ofisini, kaelekezwa huku. Leo ndiyo siku yao ya mwisho kurudisha fomu namba sita, nilishasahau kabisa! Yake bado nyeupe. Kapiga goti kidogo, kaninong'oneza asisikike ndani: “Samahani mama. Hapa kwenye kosa, niandike la kweli, au la kuandikia tu?”

Fundi kanigeukia. Yeye naye anasubiri jibu, mzee huyu!

Mstari wangu upo chini ya fomu yake. Umechapwa vizuri, herufi nyeusi.

Katibu kafungua mlango, kaniita. Nimemwomba dakika moja nimalize kuandika. Kwenye ufa wa mlango naona mgongo wa binti, kanyooka, hajageuka. Huyu wa mwaka wa kwanza kakaa kwenye nafasi yangu, kalamu tayari mkononi. Nimemwambia asiandike kitu mpaka nitoke.