Masizi ya Ukuta wa Mama

Mjimwema, Songea
6 Julai 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje na baridi hii? Mimi mzima. Naandika kwa sababu ulisema kuongea kwenye simu kunakumaliza pumzi.

Gereji wamenihamishia kwenye machujio ya ekzosi za malori. Tunapima uzito wa chujio, tunalipuliza kwa kompresa masizi yatoke, kisha tunamulika tochi upande mmoja. Mwanga ukitokea upande wa pili, limepasuka ndani, halifai. Nimeipenda kazi hii kuliko nilivyotarajia.

Masizi yake ni meusi kuliko ya sufuria yoyote, nayo hutupwa. Nimekutumia kiroba kimoja kwa gari la Peramiho. Changanya na udongo, kisha siriba kuta kwa chini, zipendeze kabla ya harusi ya kaka Edmund.

Mwanao,
Lidwina

20 Julai 2024

Mwanangu Lidwina,

Marahaba. Sijambo, pumu ni ile ile tuliyozoeana nayo. Masizi nimeyachekecha mwenyewe na kusiriba nyumba nzima, hata chumba ninacholala. Jirani Rosemary kauliza rangi hiyo nimenunua wapi. Nikamwambia mimi nina binti fundi, wewe una mabinti wa kusukana nywele tu. Kanuna mpaka jioni.

Udongo ulinipungukia, kwa hiyo ukuta ukiugusa unaachia unga. Lakini unapendeza.

Mama yako

2 Agosti 2024

Mama,

Shikamoo. Kifua kikoje? Nijibu hilo kwanza.

Jana alikuja mtu kutufundisha. Vumbi la machujio ni laini mno, linashuka hadi ndani kabisa ya mapafu. Linatakiwa kufungwa kwenye mifuko, na anayelishika avae barakoa. Ndiyo kwanza tumepewa barakoa.

Nawe una pumu, na unalala katikati yake. Nakusihi, liondoe ukutani lote, lisibaki hata kidogo. Usinisubiri, sina ruhusa mpaka siku ya harusi.

Mwanao,
Lidwina

24 Agosti 2024

Mwanangu,

Marahaba. Mimi natamka, anayeandika ni Rosemary, safari hii hajanuna. Nimelazwa hospitali tangu Jumapili. Pumzi inakataa.

Nilifanya ulivyosema. Nilifunga mlango na dirisha ili wapita njia wasivute hilo vumbi, nikakwangua ukuta kwa panga mpaka ukabaki udongo mtupu. Nesi kaniuliza kama nilimwagia ukuta maji kwanza, vumbi lisipae. Nikamwambia hukuandika hivyo, labda karatasi ilikuishia.

Usijisumbue. Edmund asiahirishe harusi.

Mama yako,
kwa mkono wa Rosemary

27 Agosti 2024

Mama,

Shikamoo. Rosemary amenipigia simu asubuhi. Barua hii nilikuwa nimeianza jana, nikauliza kifua kinaendeleaje. Nimeichana, naandika nyingine. Nitaiweka mkononi mwako kabla hawajafunga jeneza.

Karatasi haikuniishia, mama. Nusu nzima ilibaki nyeupe.

Mwanao,
Lidwina