Jeti na Lori la Chato

Milembe mjukuu wangu,

Lori langu la kwanza nililipoteza mwaka aliozaliwa mama yako, na aliyeniuzia bado ananiudhi ingawa ameshakufa. Ndiyo maana nimechelewa kukujibu kama niuze mashine ya kukoboa mpunga tuchangie kununua hiyo ndege ndogo ya jeti ya kukodisha. Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Hapa Kahama tu wazima, bibi yako ananenepa, mpunga umejaa uani.

Yule bwana aliyeniuzia lori aliapa kwamba tangi moja la mafuta litanifikisha Chato na kunirudisha. Nikapakia magunia mpaka juu. Mafuta yakaniishia Bwanga, Chato hata sijaiona. Nilipomfuata, akacheka.

"Kijana, nilikuambia linafika. Uliniuliza kama linafika likiwa limebeba mzigo?"

Yaliyofuata, madeni mpaka lori likauzwa, tuyaache. Tangu siku hiyo kila chombo nakiuliza kikiwa na mzigo.

Umeandika kwamba jeti inafika Johannesburg bila kutua. Na viti vyote sita vikiwa na watu na mabegi yao? Kwa jua la saa nane mchana huku kwetu, ambalo hupunguza nguvu ya ndege kupaa, itanyanyuka na mafuta yote hayo? Ikikaa wiki nzima bila mteja, marubani, bima na banda la kuiegesha atalipa nani? Ikishusha watu, inarudi na nani?

Sijakataa. Bibi yako ameshachagua kiti cha dirishani. Lakini mnunuzi wa mashine anakuja Jumamosi asubuhi. Niandikie hesabu kabla ya Ijumaa jioni: ikiwa imejaa, inafika wapi?

Babu yako