Maua Yako ya Kila Alfajiri

Redio, shoga yangu wa dawati moja,

Nakusalimu wewe na binti yako, maana najua ndiye anayekusomea. Huku tu wazima. Cherehani yangu imepata mkanda mpya, na mume wangu bado anakoroma na kuapa kuwa hakoromi.

Nilikwambia simu ndiyo iliyokutoa kwenye kundi letu la shule. Binti, usiruke hapa, msomee mama: ni uongo. Mimi ndiye niliyekutoa. Kila alfajiri ulituletea picha ya ua bila neno hata moja, wenzetu wakalalamika, nami msimamizi wa kundi nikabonyeza. Nikacheka nao, Redio.

Jana yule seremala wa dawati la nyuma kanipigia. "Kwani hujui? Macho yake yana shida mwaka wa pili huu. Maandishi hayaoni tena. Yale maua alikuwa akiyatambua kwa rangi tu."

Nililiacha gauni la mteja mezani, sindano ikining'inia.

Miaka minne shuleni sikuwahi kuuona ubao vizuri. Baba hakuwa na uwezo wa kuninunulia miwani, nawe ulininong'oneza kila mstari, mpaka mwalimu akakubandika jina hilo la Redio, na viboko juu. Hukuchoka nami hata siku moja.

Kundini nimekurudisha, na wote nimewaambia nilichofanya. Jumamosi nakuja. Nitakaa kushoto kwako kama zamani, nikusomee yote tuliyoandika kundini tangu nikutoe, nikianza na kicheko changu.

Ni mimi,
mwenzio asiyeona ubao