Mama Amekataa Neno Zawadi

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na baridi ya huko imepunguza makali. Sisi hatujambo. Cherehani yangu bado inakohoa, na shemeji yako anazibua mabomba ya watu huku letu la jikoni linavuja. Haya ninayokuandikia nimeshindwa kuyasema kwenye simu, ningelia na wewe ungenikatiza.

Unajua tulikuwa tunanunua nyumba. Vyumba viwili, sebule, na ukuta wa jirani mbele ya dirisha la jikoni, lakini yetu. Benki ilikubali kutukopesha sehemu kubwa, tukapungukiwa malipo ya mwanzo. Mama akasema atatoa yeye. Nilifurahi siku moja tu. Mimi unanijua, nikipewa kitu nakigeuza kwanza nione chini kuna nini. Mama aliyekuwa akigeuza kola za mashati ya marehemu baba ili yadumu, kapata wapi hela zote hizo?

Tulipompeleka kuiona nyumba alipapasa kuta kama anayechagua kitambaa, kisha akasimama kwenye lile dirisha la jikoni akasifu mandhari. Mandhari gani, na mbele ni ukuta? Shemeji yako akaninong'oneza kwamba mama anajipimia chumba. Nikamwambia aache fitina, ila neno lilikuwa limeshaniingia.

Mambo yaliharibikia benki. Ofisa wa mikopo alimtaka mama atie saini kwamba hela ni zawadi, si deni. Mama akataka iandikwe msaada. Ofisa akasema hapana, iwe zawadi au basi. Mama akakumbatia mkoba wake, akasema kwenye zawadi hatii saini, akatoka bila kuaga. Mama yetu, anayeaga mpaka walinzi wa mlangoni!

Njia nzima shemeji yako alirudia kwamba mama anataka jina lake liingie kwenye hati. Mimi nilikwenda mbali zaidi, unisamehe: nilikushuku wewe. Niliona umemtia mama maneno, ili kesho uje udai sehemu yako. Nilikasirika mpaka nikalikata gauni la mteja vibaya.

Kesho yake nikamwendea mama. Nimesimama mlangoni kwake, jua limenimulika uso mzima, naye anauliza nani. Nikadhani ananifanyia vituko. Nikamwaga yote: kama anaitaka nyumba aseme, asinizungushe. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Halafu akasema kwa upole kwamba kunisaidia anaweza, ila kutoa zawadi hawezi, kwa sababu hela si zake. Ni zako, dada. Ni zile ulizomtumia atibiwe macho, na mimi sikuwa na habari.

Hakufanyiwa upasuaji. Kukudanganya kwenye simu kwamba upasuaji umekwenda salama aliona ni jambo dogo, lakini kuuandika uongo kulimshinda. Jicho la kushoto halioni kabisa, la kulia linaona vivuli. Alisema yeye ameshaona vya kutosha, na mimi sina hata ukuta wangu wa kupigilia msumari. Nilikaa pale pale sakafuni nikalia kwa aibu.

Nyumba tumeiacha. Imeniuma, sikufichi, hata mapazia nilikuwa nimeshashona. Hela zako zimelipwa hospitali, na Jumatatu daktari anaanza na jicho la kushoto. Mama ameninunia, anasema nimemharibia mipango. Tafadhali usimgombeze.

Shemeji yako anakusalimu, kwa haya kidogo. Nisalimie wote wa nyumbani kwako. Salamu za mama sikuletei, maana hajui kama nimekuandikia. Atakuandikia mwenyewe, akianza kuuona mstari.

Ni mimi mdogo wako mwenye shuku nyingi,
Kitindamimba