Neno Jipya la Kaka

Ghorofa ya pili, nyuma ya kiwanda cha sabuni
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Kitindamimba wetu,

Hujambo huko? Mgongo umepoa? Wifi na watoto wanaendeleaje? Mimi nipo, ila usingizi wangu ni wa mang'amung'amu na miguu inavimba.

Nisamehe kwa kukawia kujibu. Tangu Kaka apigwe kiharusi, kumwogesha, kumlisha na kumgeuza vinanila siku nzima. Maneno yake mengi hayajarudi. Akitaka kijiko husema "dirisha", kisha analia kwa hasira, nami sina nguvu ya kumbembeleza. Ile fomu ya makao ya wagonjwa uliyonitumia, nilishaijaza. Ilibaki saini tu.

Uliniuliza kuhusu Kiklingoni chake, ile lugha iliyobuniwa kwa ajili ya viumbe wa sinema. Unakumbuka tulivyomcheka, mzee mzima, msahihishaji wa magazeti? Kumbe haijamtoka. Wenzake wa chama cha wapenzi wa lugha hiyo walimtumia karatasi za maneno mapya. Kila neno limo ndani ya sentensi chache, lakini maana yake haikuandikwa. Kazi ni kuibaini. Mtaalamu wa mazoezi ya kusema aliona ni kupoteza muda, akataka tumzoeze kutaja picha za vikombe. Nikaficha karatasi zile. Kaka akagoma kula siku mbili, nikazirudisha.

Basi Jumatano asubuhi tulikaa mezani na kamusi yake kuukuu. Alinionyesha kwa kidole maneno anayoyajua, nami nikayaandika kwa Kiswahili. Jipya lilikuwa la kitendo. Katika sentensi zile, mlinzi analifanya langoni. Mke analifanya kando ya mgonjwa. Askari mwoga halifanyi, anakimbia. Nikaandika "kulinda". Akatikisa kichwa. Nikaandika "kungoja". Akatikisa tena. Nilikuwa hoi, nikaanza kukusanya karatasi. Akanishika mkono, midomo ikahangaika hadi jasho likamtoka.

"Kuchoka," akasema. "Kuchoka... na kubaki."

Kisha akaniita jina langu la utotoni. Miezi mitano hakuwa amelitamka.

Sijui kama amepatia, chama hakijajibu. Fomu sitaisaini, mdogo wangu. Lakini peke yangu mwaka hautaisha nikiwa nimesimama. Omba likizo, uje unipokee hata wiki tatu. Usinitumie chochote, njoo wewe.

Msalimie wifi, wabusu binti zako, na shangazi akipiga simu mwambie namkumbuka. Mungu awape afya na akufikishe salama.

Wako akupendaye,
Dada