Picha ya Bibi Waliipata Wapi

Jumanne, 4 Machi

— nikaisoma tena ile barua pepe, mara ya tatu, midomo inacheza kama mtoto wa darasa la pili. Wananitaka mimi! Kampuni ya matangazo. Wanataka picha za hoteli mpya, wiki mbili nzima, chakula juu yao. Na malipo — nilidhani wameongeza sifuri kwa bahati mbaya. Barua imeanza "Mpendwa Mpiga Picha". Chini wamesema wamezipenda kazi zangu, hasa ile ya bibi mzee anayecheka huku amejiziba mdomo kwa kiganja. Ile ndiyo picha yangu bora. Hata mimi najua.

Kaka ndiye aliyenifungulia anwani ya barua pepe, na ndiye aliyekuja mbio leo na simu yangu mkononi. "Mdogo wangu, umetoka!" Akanisomea kwa sauti kama anasoma matokeo ya mtihani. Akanipiga mgongoni mpaka nikakohoa. Bibi akauliza toka upande wa pili wa pazia, kelele za nini? Kaka akamwambia mumeo kapata kazi kubwa. Bibi akasema basi mume wangu aoge leo, asije akaniaibisha hotelini.

Nimecheka. Kwa sauti!

Sharti lao moja tu. Kamera niipeleke ofisini kwao Ijumaa, ilale huko, waikague na kuikatia bima. Kaka anasema makampuni makubwa ndivyo yalivyo.

Jumatano, 5 Machi

Kazini kama kawaida, kwenye kibaraza cha fundi wa kuprinti. Shuka jeupe ukutani, kiti, mteja, "kidevu juu kidogo", basi. Mimi napiga, yeye anaprinti, tunagawana. Ananiita Bubu. Leo Bubu kaongea. Nilimwonyesha barua.

Akavaa miwani. Akasoma. Akavua miwani — hapo nikajua si kwema. Akasema hawa watu hawajataja jina lako hata mara moja. Mpendwa Mpiga Picha ndiye nani? Hata mimi mpendwa, simu yangu ina kamera. Akanionyesha anwani yao ya barua pepe: kampuni nzima ina kazi za hoteli, haina anwani yake, inatumia ya bure kama yangu na yake! Na kamera yako wanaitakia nini usiku kucha, wanataka kulala nayo? "Bubu, mtu wa kazi atakuuliza maswali. Unapigaje, una lenzi gani, unataka nini. Hawa wanakusifu tu. Mtu akikusifu hivi anataka kukuoa au kukuibia." Wateja wakacheka. Nikajifanya nafuta lenzi.

Lakini picha ya bibi wameijua, nikamwambia. Akairudisha miwani machoni. Akasema hiyo kweli hajui.

Jioni nikamweleza kaka. Akawaka! Eti fundi ana wivu, nikiondoka nani atamkalia kibarazani? Halafu akashusha sauti. "Wewe umezoea kuogopa watu. Mara hii moja tu, usiogope."

Yaliniingia hayo. Anasema kweli, naogopa watu.

Alhamisi, 6 Machi

Niliwajibu: naomba tuongee kwa simu. Kuandika hayo kumenila asubuhi nzima. Wao wakajibu chai yangu haijapoa. Mkurugenzi yuko kwenye ndege, hawezi kuongea, na kuna wengine wanaitolea macho nafasi yangu, nilete kamera kesho bila kukosa. Yuko kwenye ndege lakini vidole vyake viko chini.

Kamera hii alinipa mzee mmoja mwenye studio alipofunga duka, baada ya mimi kumbebea taa miaka kadhaa. Kifuniko cha betri nimekifunga kwa mpira wa nywele. Sina nyingine. Bila hii mimi ni mtu aliyesimama kando ya shuka.

Halafu nikiwa naosha vyombo — ile picha ya bibi. Waliipata wapi?

Sijaiweka popote! Bibi alikataa. "Meno yangu hayaendi mitandaoni," alisema, na meno yenyewe hana. Iko kwenye kadi ya kamera. Na iko kwa kaka, nilimtumia mwaka jana alipokwenda mbali kutafuta kazi, ili asituwaze sana.

Labda kaka aliionyesha watu kwa kujivunia. Labda. Nitamuuliza.

Kaingia, kavua viatu, kanitania kidogo. Sijamuuliza.

Ijumaa, 7 Machi

Kamera niliiacha kwa fundi, nikaondoka na begi tupu. Nilitaka kuona kwanza. Kutazama najua, kuongea ndiko kunanishinda.

Ofisi yao iko juu ya duka la vitambaa, ngazi zinapandia nje. Mimi nikakaa ng'ambo, kwenye duka la matairi, kama nasubiri gurudumu langu. Kibao chao ni karatasi, wameibandika juu ya kibao cha saluni. Kichwa cha mwanamke aliyesukwa bado kinachungulia pembeni. Akapanda kijana mmoja na begi la kamera. Akashuka hana begi, ana karatasi, anaipuliza wino ukauke. Anatabasamu peke yake. Tabasamu lile nalijua, nililivaa mimi Jumanne.

Halafu kaka.

Alipanda ngazi akiwa kavaa shati langu la bluu. Hakubisha hodi. Alisukuma mlango kwa bega kama mtu anayeingia kwao. Baada ya muda akatokea dirishani, anaangalia barabara, huku na huku.

Alikuwa ananisubiri mimi!

Mkono wangu ukaingia kwenye begi wenyewe, kutafuta kamera. Haipo. Afadhali. Picha ile ningeiweka wapi?

Kikulacho ki nguoni mwako. Sisi nguo zenyewe tunaazimana.

Jumamosi, 8 Machi

Kaka aliuliza mbona jana sikutokea. Nikasema tumbo. Akanichemshia maji na tangawizi, akanishikia kikombe. Nikanywa yote.

Jumapili, 9 Machi

Bibi alikuwa kwa jirani. Kaka anapiga pasi. Nikasema tu, sijui sauti ilitoka wapi: picha ya bibi waliipata wapi?

Alianza kucheka. Akaniona uso. Akaiweka pasi wima.

Nilikuona, nikamwambia. Nilikuwa kwenye matairi.

Alikaa kitandani. Akaniambia yote huku anaangalia sakafu. Kule alikokwenda hakupata kazi. Alipata barua, kazi ya ukarani, barua tamu kama yangu. Wakamla alichokuwa nacho, wakamla na alichokopa kwa watu. Akawafuata kudai. Wakamwambia hapa hudai kitu, ila una kalamu nzuri, tuletee watu, utarudishiwa kidogokidogo.

Kalamu nzuri. Kumbe "Mpendwa Mpiga Picha" ni yeye! Jumanne alinisomea barua aliyoiandika mwenyewe, na pale penye sifa akapandisha sauti.

"Kwa nini mimi?"

"Wangenipa mwezi mzima bila kunidai niwaletee watu. Ningekununulia nyingine, mdogo wangu, mambo yakikaa sawa. Wallahi."

"Na picha ya bibi?"

"Wewe huamini mtu mpaka uone anakujua kidogo."

Ananijua. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kamera. Mtu wa barabarani angeniibia kwa kubahatisha. Kaka alijua pa kubonyeza, akachukua kicheko cha bibi, akakifanya chambo. Herufi zangu za kwanza alinifunza yeye nilipoacha shule, kwa mkaa, kwenye ukuta wa nyuma. Leo sijui alikuwa ananifunza nini.

Nikamuuliza kuna mwingine tunayemjua umemwandikia? Akasema hakuna. Ni wewe tu. Naapa. Akalia, mabega yanapanda na kushuka. Akasema nisimwambie mtu, wale wanajua tunapolala. Nikamwambia atoke huko. Akasema atatoka, kesho haendi.

Nikamwamini tena! Nilimpa hata leso.

Bibi akaingia. Mbona mmenuna, mnanigombania? Hakuna aliyecheka. Akasema haya, mkimaliza kupigana aliyeshinda anikande miguu. Nikamkanda mimi.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika hapa kibarazani kwa fundi, juu ya goti.

Nimeamka kaka hayupo. Kitanda kimetandikwa. Bibi kasema katoka alfajiri, kavaa vizuri, kasema anakwenda kuomba kazi.

Nilipofika hapa fundi akaniuliza, wewe na Flashi mnafanya kazi kampuni moja? Flashi ni yule dada anayepiga picha za watoto kwenye bustani, anaongea haraka kuliko kamera yake. Nikamuuliza kampuni gani? Akasema kapita mapema, amejipodoa, kaprinti nakala ya risiti ya kamera. Ameitwa kazi ya hoteli. Hakunyamaza hata kidogo, fundi hakupata pa kuingizia neno. Mwishowe fundi alimkatiza, akamwambia dada, hiyo barua naijua. Akajibu, wewe ulimwambia hivyohivyo Bubu, ndiyo maana bado yuko kibarazani. Akaenda zake.

Wamemsifia picha ya mapacha kwenye bembea. Nilikuwepo siku ile. Nilimshikia bati la kurudisha mwanga, na kaka alikuwa kando yangu anawachekesha wale mapacha. Akamwomba Flashi ile picha, Flashi akamtumia palepale.

Ni wewe tu. Naapa. Na machozi yale!

Flashi aliuza cherehani ya mama yake akanunua kamera ile. Nampigia kwa simu ya fundi, yangu haina salio, inaita tu. Simu huwa anaiweka ndani ya begi, haisikii. Nimemtumia ujumbe, sijui kama nimeuandika vizuri.

Nilifikiri fundi ndiye aende. Yeye ana mdomo. Fundi akaniangalia juu ya miwani. Akasema mimi nimeshamwambia, akaniona mzee mwenye wivu. Wewe ndiye uliyemwona huyo mtu dirishani. Fundi hajui huyo mtu ni nani. Nilimwambia "jamaa mmoja".

Sasa ameenda kuniitia pikipiki pale kona. Namwona anabishana na dereva, anataka nipunguziwe.

Nimejaribu maneno kimya kimya. Flashi, usiipe. Flashi, rudi. Ni wezi. Hapo ataniuliza umejuaje, yeye lazima aulize. Na mlangoni atakuwa amesimama kaka, mikono mbele, anapokea.

Pikipiki imekuja. Natoka. Nikichelewa atakuwa amepanda zile ngazi, na asiposikia nitalazimika kupiga kelele toka barabarani, mbele ya watu wote, nimtaje mwizi kwa jina, na jina ni la —